Binamu ananiuzia hedifoni za studio, ila nalala chumba kimoja na kaka: ninunue au niache?

BARUA

Shikamoo kaka, samahani kwa barua ndefu ila hili jambo limenikaa kichwani na sina wa kumuuliza zaidi ya binamu yangu, ambaye ndo huyohuyo muuzaji.

Naishi Mbagala, nimepanga chumba kimoja na kaka yangu. Yeye ni mlinzi, anaingia usiku anarudi asubuhi, analala mpaka mchana saa nane hivi. Mimi duka ninalouza nafungua mchana, kwa hiyo asubuhi nipo ndani na huo ndo muda wangu wa muziki, na yeye ndo kalala hapohapo. Muda mwingine wa kusikiliza ni kwenye daladala ya kwenda Kariakoo na kurudi, na foleni unazijua.

Napenda zilipendwa, yaani magitaa ya Mbaraka Mwinshehe, Franco, na taarab ya zamani ya Unguja ambayo bibi alikuwa anaiweka redioni. Miaka yote natumia iafoni za barabarani za elfu tano, zikifa upande mmoja nanunua zingine maisha yanaendelea. Sasa juzi kati nimepita studio anakofanya kazi binamu, akanivalisha hedifoni zake akaniwekea nyimbo ninazozijua toka utoto, kaka nikasikia gitaa la tatu ambalo sikuwahi kujua kama lipo! Toka siku hiyo iafoni zangu nikiziweka naona kama nimefunikwa blanketi.

Binamu ana pea nyingine ya hizohizo, Beyerdynamic DT 990 Pro za omu 250, used lakini safi, ananiachia kwa laki na themanini kwa sababu ya undugu. Hiyo laki na themanini ndo akiba yangu yote ya hili jambo. Nikaenda Kariakoo kuulizia bei, muuzaji akasema achana na mawaya chukua hizi za bluetooth zina besi mpaka kichwa kinatikisika. Mtandaoni nako watu wananiambia bila DAC na amplifaya natupa hela, nianze na hivyo kwanza ndo ninunue hedifoni. Simu yangu ni Android haina hata tundu la iafoni, ni Type-C tu.

Naomba unisaidie. Nizichukue za binamu? Hizo omu ni nini hasa? Amplifaya ni lazima? Na kaka yangu atalala kweli?

Mdogo wako, Mbagala

MAJIBU

Marahaba mdogo wangu. Nakujibu la mwisho kwanza kwa sababu ndo linaamua mengine yote: hapana, kaka yako hatalala. Kwa hiyo za binamu usichukue, na nitakueleza kwa kirefu ili usije ukadhani nazidharau, maana DT 990 Pro ni hedifoni nzuri sana, zinatengenezwa Ujerumani na binamu hakudanganyi kuhusu ubora wake.

Hedifoni kubwa zipo za aina mbili. Kuna zilizofungwa, ambazo nyuma ya spika kuna kifuniko kizima, na kuna zilizo wazi, ambazo ukizigeuza unaona wavu au matundu na hewa inapita. DT 990 zipo wazi. Ile hali uliyoisikia studio, kwamba muziki haupo ndani ya fuvu ila umetanuka pembeni huku na huku, kwa sehemu kubwa inatokana na huo uwazi, sauti ya nyuma ya spika inaondoka zake haigongi ukuta ikarudi. Sasa inaondoka kwenda wapi? Inaenda chumbani. Mtu aliyelala hatua mbili kutoka kwako anausikia wimbo wako, mwembamba, kama redio ya jirani, na huo uembamba ndo unakera kuliko sauti kamili. Mlinzi aliyekesha akutane na hiyo kila asubuhi? Mtagombana, na nyumba ni moja. Halafu uwazi ni wa pande mbili, kinachotoka kinatoka na kinachoingia kinaingia, kwa hiyo genereta la jirani, muuza samaki anayepita anaita, mpira wa watoto kwenye bati, vyote unavyo ndani ya wimbo. Studio ya binamu ina kuta zimevalishwa masponji na mlango mzito, ndo maana pale zilikupendeza. Kwenye daladala ndo kabisa usahau, tena hizo zina waya wa kujikunja kama wa simu ya mezani, ukiuvuta unafika mita 3 na hauchomoki kwenye hedifoni. Utauweka wapi na umebanwa mlangoni?

Kwa hiyo kabla ya jina, kabla ya omu, kabla ya bei, jiulize nasikilizia wapi. Watu wengi wanaoanza hii safari wanaanzia kwenye orodha za hedifoni bora duniani, wananunua kitu kilichosifiwa na mtu mwenye chumba chake peke yake, kimya, meza na amplifaya juu yake, halafu wanakuja kukitumia kwenye basi. Wewe sehemu zako ni mbili, chumba chenye mtu amelala na daladala yenye kelele, na zote mbili zinataka kitu kinachoziba.

Tuje kwenye omu. Omu ni kipimo cha jinsi hedifoni inavyoukatalia umeme. Simu haitoi nguvu moja kwa kila hedifoni, inatoa volti, halafu nguvu inayofika inategemea omu. Hesabu yake ni volti mara volti gawanya kwa omu. Chukua adapta, yaani kile kijiwaya cha Type-C utakachochomekea hedifoni, inayotoa volti 1: kwenye hedifoni ya omu 32 inapeleka kama miliwati 31, kwenye hizo za omu 250 inapeleka miliwati 4 tu. Na adapta nyingi za bei chee pamoja na simu nyingi hazifiki hata volti 1, zinaishia nusu, na ukikata volti nusu nguvu haipungui nusu, inabaki robo, kwa hiyo hapo unabaki na miliwati 1. DT 990 kwa miliwati 1 zinatoa desibeli 96, desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti. Siyo kwamba hazitalia, anayekuambia zitakuwa kimya kabisa anatia chumvi, zitalia, ila muziki wa zamani ulirekodiwa kwa sauti ya chini kuliko huu wa siku hizi, utajikuta umepandisha mpaka mwisho wa simu na bado unatamani zaidi. Ndo hapo amplifaya, kifaa cha kuongeza nguvu, inapoingia, na ndo hapo laki na themanini inapogeuka kuwa laki tatu.

Lakini ukichagua hedifoni au iafoni ya omu chache ambayo ni nyepesi kuendesha, amplifaya huhitaji. Wanaokuambia uanze na DAC, yaani kigeuzi cha muziki wa dijitali kuwa umeme wa kwenda sikioni, na amplifaya wanakupeleka kinyume. Kinachobadilisha sauti kwa asilimia kubwa mno ni spika inayokaa sikioni kwako, hivyo vingine tofauti yake ni ndogo ukishakuwa na cha kutosha. Hela yako yote ielekee sikioni.

Na habari njema ambayo ungeizungumza miaka 15 nyuma watu wasingekuamini: bei imeshuka vibaya. Kuna mtafiti anaitwa Jeroen Breebaart, mwaka 2017 alitoa matokeo ya vipimo vya hedifoni na iafoni 283 za kila bei, hakuona uhusiano kati ya bei na jinsi zinavyopangilia besi, sauti za kati na za juu. Kabla yake kampuni ya Harman ya Marekani, kundi la Sean Olive, walikaa miaka wakiwavalisha watu hedifoni bila kuwaambia ni za nani na kuuliza ipi tamu, wakapata mchoro wa sauti ambayo watu wengi wanaipenda. Viwanda vya China vimeuchukua huo mchoro vikautia kwenye iafoni za waya za dola 20. Hizo ndo nataka ununue.

Naongelea zile zinazoingia ndani ya tundu la sikio na kuziba, waya unapita juu ya sikio kwenda nyuma, wenyewe wanaziita IEM. Ukitaka majina, angalia Moondrop Chu II au 7Hz Zero 2, zote zinacheza kwenye dola 20 hivi huko nje. Ukiagiza mwenyewe ukajumlisha na usafiri, au ukimkuta mtu anayeleta akaweka faida yake, bado unabaki na hela nyingi kwenye hiyo akiba. Zote mbili waya wake unachomoka, vipini viwili vidogo, na hii kwetu ni muhimu kuliko wanavyodhani watu, kwa sababu iafoni ya waya karibu siku zote inafia kwenye waya. Waya ukifa unanunua waya. Na pini ya chini ikilegea fundi simu yeyote mwenye mkono mzuri anakata anachomelea nyingine. Za bluetooth zile alizokuonyesha muuzaji betri ikichoka ndani hakuna anayezigusa, na kwa bei ileile sehemu ya hela imeshaenda kwenye betri na redio kabla haijafika kwenye spika. Kwa mtu mwenye hela ya mawazo, waya bado ndo unatoa sauti nyingi kwa shilingi.

Sasa adapta, na hapa kuwa makini kwa sababu ndo mtego wenyewe. Kwa nje adapta za Type-C zinafanana zote, kijiwaya kifupi na tundu la milimita 3.5, ila ndani ni aina mbili. Moja ina kichipu cha kugeuza muziki kutoka dijitali kuwa umeme wa kwenda sikioni, hiyo ndo DAC yenyewe waliyokutisha nayo, inaingia kwenye kitu kidogo kama ukucha. Nyingine haina kitu ni waya mtupu, inategemea simu ifanye kazi hiyo, na simu nyingi za Android hazifanyi, ukichomeka hamna kitu au simu inakuambia kifaa hakitambuliki. Kwa hiyo muulize muuzaji kama ina DAC ndani, na kama hajui unaongea nini, mwambie achomeke kwenye simu YAKO ipige hapohapo kabla hujatoa hela. Ile ya Apple inasifiwa sana na kwa kompyuta na iPhone inastahili, bei yake kule kwao dola 9, lakini kwenye simu nyingi za Android inatoa sauti ya chini kuliko uwezo wake, kwa hiyo kwako usiikimbilie.

Zikifika, tafadhali usizihukumu dakika ya kwanza. Nataka ufanye hivi. Shika ya kulia, imeandikwa R, zungusha waya juu ya sikio mpaka nyuma, mkono wa pili upitishe nyuma ya kichwa ushike ncha ya juu ya sikio uvute juu na nyuma kidogo, tundu linanyooka, ndo uingize huku unaizungusha taratibu, halafu achia sikio. Ukiongea ukasikia sauti yako imekuwa nzito ndani ya kichwa kama umeziba masikio kwa vidole, hapo imekaa. Kama sauti yako ni ya kawaida, hewa inavuja, na hewa ikivuja besi ndo ya kwanza kuondoka, unabaki na sauti kavu inayokwaruza na utadhani umeibiwa. Ndani ya boksi kuna vimpira vya saizi tofauti, jaribu vyote, na usishangae sikio la kushoto likataka kikubwa la kulia kidogo, masikio ya mtu hayalingani. Malalamiko mengi ninayosikia kwamba iafoni fulani haina besi ni kimpira hicho.

Halafu ndo tuongee muziki wako, maana umenigusa. Kwa sebene usisikilize besi kwanza, sikiliza magitaa. Wanamuziki wa Kongo wanalo la solo linaloongoza huko juu, wanalo la rhythm linaloshika mwendo, na katikati yake lipo la mi-solo linalojibizana na yote mawili, na nina uhakika hilo ndo gitaa la tatu ulilolisikia studio. Chagua moja, lifuate toka linaingia mpaka wimbo unaisha bila kulipoteza hata wenzake wakipandisha. Iafoni ya elfu tano inayakoroga yote matatu yanakuwa kitu kimoja. Nzuri inakuachia kila moja kwenye nafasi yake. Kwa taarab kipimo kingine: maneno. Taarab ni mashairi, kama unaambulia nusu ya beti na nusu unabahatisha kwa sababu besi imemkalia mwimbaji, hiyo iafoni haikufai hata iwe na sifa gani. Na ndo kisa sitaki uchukue zile za kutikisa kichwa. Besi ikizidishwa inapanda mpaka kwenye sauti ya binadamu inaifunika, kwenye muziki wa klabu utavumilia, kwenye ala kama udi, kanuni na violini unapoteza ulichokifuata. Na hata DT 990, nikwambie ukweli, sauti zao za juu ni kali, kwenye rekodi za zamani zenye mchakacho na violini nyingi zinachoma.

Ila ujue na hili. Kifaa kizuri hakiongezi kisichokuwepo. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, sahani za santuri za enzi zile hazikubeba besi ya maana wala sauti nyembamba kabisa za juu, utamsikia yeye na mikwaruzo ya santuri kwa uwazi zaidi, na mimi naona ni utajiri huo, lakini usitegemee iwe kama imerekodiwa jana. Rekodi nyingi za zamani za kwetu pia ni mono, yaani kushoto na kulia sauti ni ileile, itakaa katikati ya kichwa, usidhani iafoni ni mbovu.

Na faili zenyewe je? Kama nyimbo zako ni zile za kurushiana WhatsApp na za kujaziwa kwenye memori kadi kibandani, nyingi zimeshabanwa mara kadhaa na iafoni mpya itakuonyesha huo uchafu bila huruma, matoazi yanasikika kama maji yanachuruzika. Tafuta nakala safi. Kustrimu kwa kilobiti 320 kwa sekunde kunatosha kabisa kwa masikio ya binadamu wengi, saa moja inakula kama MB 144 za bando, kwa hiyo pakua ukipata Wi-Fi usikilize bila kuunganisha. Zile faili za ubora wa CD zilizobanwa bila kupoteza kitu zinakula mara mbili ya hapo na zaidi, usihangaike nazo kwa sasa.

Jambo ambalo hukuuliza lakini siwezi kukuacha nalo: sauti. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila ukiongeza desibeli 3 saa zinakatika nusu. Mtu mwenye iafoni isiyoziba anapandisha sauti ili ashindane na injini na konda, na huko anavuka hizo 80 bila kujua. Iafoni inayoziba inakukatia kelele kwanza kwa hiyo unasikiliza kwa chini na unasikia zaidi. Iweke sauti nyumbani kukiwa kimya, ikumbuke ilipo, ukiwa barabarani usiivuke sana. Masikio yakivuma usiku umezidisha. Na ukishuka Rangi Tatu toa zote mbili kabla ya kuvuka, na kizibo hicho bodaboda humsikii hata akipiga honi, nakusihi kwa hilo.

Kuhusu feki, kwa iafoni za dola 20 siyo tatizo kubwa. Tatizo lipo kwa majina makubwa. Ukiona hedifoni ya Sony au Audio-Technica inauzwa theluthi ya bei inayouzwa kiwandani kwao, mpya kwenye boksi, iache hapohapo, hata kama boksi linang'aa.

Hela itakayobaki iweke. Mbele ya safari ukitamani kitu cha kuvaa kichwani kwa chumba hichohicho, tafuta zilizofungwa: DT 770 Pro, ndugu wa hizo za binamu kutoka kiwanda hichohicho, zipo za omu 32, 80 na 250, kwa simu chukua za 32. Au Audio-Technica ATH-M40x, omu 35, waya unachomoka. Zote zinavuka bajeti yako ya leo, za mitumba ukizipata kagua sponji za masikioni kama hazijabanduka, chomeka wimbo wa mono uhakikishe pande mbili zinalingana, na tikisa waya karibu na pini uone kama sauti haikatiki.

Binamu mwambie asikuwekee, azitangaze tu auze. Siku kaka yako akioa akahamia kwake ukabaki na chumba peke yako, mkumbushe binamu, hapo mtaongea habari ya hedifoni za wazi, na hata amplifaya nitakutajia.